Kwa Nini Vanishi ya Mlango wa Nje Hubambuka

Mlango mpya wa mninga ukitoka kwa seremala hung'aa hadi mtu akajiona ndani yake. Ufunge upande wa magharibi, mahali pasipo na baraza wala kivuli, na huenda masika mawili yasipite kabla vanishi haijapasuka na kuanza kubambuka, ubao wa chini ukiwa umeshageuka kijivu. Mwenye nyumba humlaumu fundi, na fundi humlaumu mwenye duka la rangi. Mara nyingi mkosaji wa kwanza ni jua.

Ubao ni nyuzi za selulosi zilizogandamana kwa lignini, kemikali inayofikia takriban robo ya uzito wa ubao mkavu. Lignini hufyonza miali ya jua ya urujuanimno, na kadiri inavyoifyonza ndivyo inavyovunjika. Mvua huosha mabaki, nyuzi zikabaki wazi, kisha kuvu weusi wakaota juu yake. Hapo ndipo kijivu kinapotokea. Miali hiyo haipenyi hata sehemu ya kumi ya milimita, ndiyo maana ubao wa kijivu ukipigwa msasa hurudia rangi yake. Lakini tabaka hilo jembamba ndilo vanishi inaloshikilia. Vanishi isiyo na rangi hupitisha mwanga, na mwanga hula ubao kutokea chini yake. Vanishi yenyewe huenda bado nzima, ila haina tena pa kushika.

Maji humalizia kazi. Ubao ukipata unyevu huvimba, ukikauka husinyaa, na karibu mabadiliko yote huwa ya upana, si ya urefu. Vanishi ngumu haiwezi kufuata mwendo huo. Hupata nyufa ndogo, maji yakaingia, na utando uliowekwa kuyazuia yasiingie sasa unayazuia yasitoke. Kuvu wanaoozesha mbao hawastawi unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20. Mbao zilizonasa maji chini ya vanishi hupita kiwango hicho kwa urahisi.

Kwa hiyo, dukani usiulize bidhaa ipi itadumu milele, kwa kuwa haipo. Uliza kila moja itachakaa vipi.

Rangi ya mafuta ndiyo ngao kamili zaidi, kwa sababu chembe za rangi huzuia mwanga usifike kwenye ubao. Gharama yake ni kwamba huficha urembo wa mbao. Vanishi ya mashua ina viambato vya kufyonza urujuanimno na hunyumbuka kuliko vanishi ya samani, lakini hutaka makoti kadhaa na kukaguliwa kila mwaka. Ukichelewa ikabambuka, itabidi uikwangue yote.

Mafuta ya kitani, ambayo mafundi wengi huyaita linsidi, hupenya badala ya kujenga utando. Hayabambuki, hufifia tu, ukapaka tena. Udhaifu wake ni kwamba hayazuii jua, na penye unyevunyevu ukungu huyageuza chakula, mbao zikapiga weusi. Njia ya kati ni mafuta ya kupenya yaliyotiwa rangi ya oksidi ya chuma, ileile inayoupa udongo mwekundu wekundu wake. Mistari ya ubao huonekana, mwanga hupunguzwa, na kurudia hakuhitaji kukwangua. Kwa mlango au benchi linalopigwa na jua siku nzima, hili ndilo chaguo langu.

Mabaharia wa pwani hawangeshangazwa na hoja hii. Mbao za jahazi zilipakwa sifa, mafuta ya papa, na kazi hiyo ilirudiwa tena na tena katika maisha ya chombo. Hakuna aliyetarajia mpako mmoja utoshe.

Yapo mawili ya kuepuka. Sandingi sila ni bidhaa ya samani za ndani. Juani haifui dafu. Oili chafu ya gari, inayopakwa nguzo na ua, ina metali na kemikali zenye sumu, na haifai kwa kitu kinachoguswa na watu. Tena ujue kwamba sila haiui mchwa. Kinga ya wadudu ni dawa nyingine, na hutangulia.

Maandalizi yana uzito kama chaguo lenyewe. Paka ubao mkavu tu, na usiuache juani wiki kadhaa kabla ya kuupaka. Ukishaukawiza, upige msasa kwanza. Ncha zilizokatwa kwa msumeno hunywa maji haraka kuliko ubavu, hivyo ziongezee makoti. Matambara yaliyolowa linsidi yanaweza kujiwasha yenyewe yakirundikwa, basi yatandaze nje yakauke. Na ukitaka kujua kama wakati wa kurudia mafuta umefika, nyunyiza matone ya maji: yakisimama juu, bado, yakinywewa, paka.

Fundi akikuuliza unataka mlango ung'ae kiasi gani, nawe mwulize mpako huo utarudiwa vipi. Asipokuwa na jibu, usimpe kazi.