Picha za Kale za Sinema ni Mali ya Nani?

Msomaji mpendwa, bila shaka umewahi kuziona picha za waigizaji wa Hollywood wa miaka ya 1930: bibi ameinamisha kichwa, bwana kaiweka kofia upande. Siku hizi hupamba vitabu, kalenda na fulana. Je, ni za nani? Wengi hujibu upesi, "Aa, hizo ni za zamani, kila mtu ajichukulie!" La hasha! Uzee wa picha peke yake haumpi mtu ruhusa.

Kwanza tuelewe zilikotoka. Filamu ilipokuwa ikitengenezwa, studio kama MGM ilikuwa na mpigapicha wake. Picha alizopiga zilichapwa kwa wingi, zikapelekwa kwenye magazeti na majumba ya sinema ili watu wavutike kukata tikiti. Kumbe hapo ndipo haki ilipoponyoka! Sheria ya Marekani ya 1909 ilitaka kila kazi inayochapishwa iwe na alama ya hakimiliki na jina la mwenyewe. Picha iliyotolewa bila alama iliweza kuwa mali ya umma papo hapo. Studio nyingi hazikujali, kwani zilitaka tangazo la wiki chache tu.

Waliokumbuka kuweka alama walipewa miaka 28. Katika mwaka wa 28 iliwabidi waombe upya, la sivyo haki ikaisha. Sharti hilo liliwahusu wote waliochapisha kabla ya 1964. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyetimiza yote, kazi yake hulindwa kwa miaka 95 tangu ichapishwe.

Sasa sikia kisa. Kampuni ya X One X ilichukua picha za matangazo ya filamu mbili za 1939, The Wizard of Oz na Gone with the Wind, ikazitia kwenye fulana na bidhaa nyingine. Warner Bros., wenye hakimiliki ya filamu hizo, wakashtaki. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ya Marekani ilionyesha kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ilisema picha zile zilizotolewa bila alama ni za umma, na yeyote anaweza kuzichapisha jinsi zilivyo. Lakini ukimtoa Dorothy pichani, ukambandika maneno ya filamu au kumfanya sanamu, umeingia shamba la watu, maana mhusika huyo ni wa filamu, nayo ingali inalindwa hadi mwisho wa 2034. Kampuni iliamriwa kulipa dola 2,570,000, na mwaka 2016 rufani yake ikagonga mwamba.

Isitoshe, kila nchi ina sheria yake. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda picha kwa miaka 50. Huko California nako, sura ya mtu mashuhuri hulindwa katika biashara kwa miaka 70 baada ya kifo chake, hata kama picha yenyewe ni ya umma.

Basi ndugu msomaji, ukiokota picha ya kale kwenye intaneti, usiikimbilie. Huenda aliyeiweka alikata pambizo lenye alama. Uliza: ilichapishwa lini, wapi, na nyuma yake paliandikwa nini? Kuuliza si ujinga, na ni rahisi kuliko kulipa.