Ghala la Sauti na Picha: Jinsi ya Kujenga Hifadhi ya Kompyuta Inayoweza Kupanuliwa

Mkulima mwenye busara anapojenga ghala la maharage huacha nafasi ya kuongeza chumba. Anajua kwamba mavuno ya mwaka kesho hayatakuwa sawa na ya mwaka huu, na kwamba kubomoa ghala lililojaa ili kujenga jingine ni kazi ya hasara. Katika makala hii nitaeleza jinsi kanuni hiyo inavyotumika katika kuhifadhi sauti na picha kwa kompyuta, na kwa nini jambo hili linawahusu wakazi wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa.

Nilijifunza somo hili kwa uchungu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nilirudi likizo nikamrekodi mzee mmoja wa Kyerwa aliyekuwa fundi wa enanga, ala ya nyuzi inayotumika kuimbia tendi katika Mkoa wa Kagera. Saa sita za sauti yake nilizitia katika diski moja. Mwaka uliofuata diski hiyo ilikufa. Sikuwa na nakala nyingine, na mzee alikuwa amekwisha fariki. Kosa lilikuwa langu, wala halikutokana na uhaba wa fedha. Lilitokana na kutojua.

Ukubwa wa tatizo

Karagwe ina redio za kijamii, ikiwemo Redio FADECO ya Kayanga. Redio ya namna hii hukusanya mahojiano ya wakulima, nyimbo, na masimulizi ya wazee kwa lugha ya Kinyambo. Je, kazi hiyo huhitaji nafasi kiasi gani?

Hebu tufanye hesabu. Sauti yenye ubora wa sahani ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Tukizidisha 44,100 × 16 × 2 tunapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo saa moja ya sauti huchukua baiti zipatazo milioni 635. Kituo kinachorekodi saa nne kila siku kitahitaji gigabaiti 927 hivi kwa mwaka. Ikiongezwa saa moja tu ya video kila juma, kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde, zitahitajika gigabaiti nyingine 1,170. Jumla inazidi terabaiti 2 kwa mwaka, na katika miaka mitano inazidi 10.

Ni dhahiri kwamba ununuzi wa diski moja moja na kuzipanga kabatini hautufikishi mbali. Baada ya muda hakuna ajuaye wimbo upi uko katika diski ipi, wala diski ipi imekwisha haribika kimya kimya. Kinachotakiwa ni seva ya mafaili, yaani kompyuta moja yenye nafasi ya diski nyingi, ambayo kompyuta nyingine za ofisini huisoma kupitia mtandao wa ndani kana kwamba ina kabati moja kubwa.

Mfano wa chama cha msingi

Mkulima wa kahawa akipeleka mazao yake katika chama cha msingi, haulizi gunia lake limewekwa pembe gani ya ghala. Yeye huandikiwa kiasi alicholeta, na karani hushughulikia mpangilio. Chama kikiongeza ghala la pili, daftari la mkulima halibadiliki.

Programu ya seva hufanya kazi ya karani huyo. Mtangazaji huona folda moja, nayo programu huamua faili likae katika diski ipi. Diski zikijaa, fundi huongeza nyingine, na folda hukua bila mtangazaji kufundishwa upya. Hii ndiyo maana ya hifadhi inayoweza kupanuliwa.

Diski ya ulinganifu

Lakini kadiri diski zinavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa mojawapo kufa unavyoongezeka. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, yaani Patterson, Gibson na Katz, walichapisha makala mashuhuri kuhusu kuunganisha diski za bei nafuu ili moja ikifa data zisipotee. Msingi wake ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza.

Tuseme diski A ina biti 1011, na diski B ina 0110. Katika diski ya tatu, U, tunaandika alama ya ulinganifu kwa kila safu wima: idadi ya moja ikiwa witiri tunaandika 1, ikiwa shufwa tunaandika 0. Tunapata:

A: 1011
B: 0110
U: 1101

Sasa futa A. Kwa kutumia B na U tu, rudia kanuni ile ile: utapata 1011. Diski iliyokufa imefufuliwa.

Tazama pia jambo la ajabu zaidi. Tukiongeza diski mpya C iliyo tupu, yaani 0000, idadi ya moja katika kila safu haibadiliki, na U inabaki vile vile. C ikiandikwa 0011, U itakuwa 1110, na A bado inaweza kufufuliwa. Kwa njia hii ghala hupanuliwa diski moja moja kadiri fedha zinavyopatikana. Sharti ni kwamba U isiwe ndogo kuliko diski yoyote inayoilinda, na kwamba U moja huokoa diski moja tu kwa wakati mmoja.

Programu huria kama SnapRAID hutumia mpango huu. Zinafaa kwa sauti na video kwa sababu mafaili hayo yakisharekodiwa hubadilika mara chache. Udhaifu wake ni kwamba U haihesabiwi papo hapo, hivyo mafaili ya leo hayana kinga mpaka hesabu ifanywe. Ni vema ifanywe kila usiku. Mfumo mwingine, ZFS, huandika kinga papo hapo, lakini uwezo wa kuongeza diski moja katika kundi lake la ulinganifu ulipatikana katika toleo la OpenZFS 2.3 la Januari 2025.

Ulinganifu si nakala

Hapa ndipo wengi hukosea. Diski ya ulinganifu hulinda dhidi ya kifo cha diski. Hailindi dhidi ya mwizi, moto, radi, virusi, wala mfanyakazi anayefuta folda kwa bahati mbaya. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa majengo mengi mkoani Kagera. Seva iliyo chini ya kifusi haiokolewi na hesabu yoyote.

Kwa hiyo hapana budi kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kituo cha Kayanga chaweza kuweka nakala Nkwenda au Bukoba. Terabaiti moja kupitia mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa. Diski ikibebwa ndani ya basi hufika siku hiyo hiyo.

Umeme nao usisahauliwe. Diski ya terabaiti 8 ikifa, kujaza mpya kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 15, na kukatika kwa umeme kazi ikiendelea kwaweza kuleta hasara. Seva ndogo inayotumia wati 40 huhitaji karibu yuniti moja ya umeme kwa siku. Kiasi hicho kinaweza kutoka kwenye paneli za jua na betri, na ufundi huo si mgeni Karagwe, kwani KARADEA iliendesha kituo cha kufundisha mafundi wa umeme wa jua tangu miaka ya 1990.

Kazi kwa wanafunzi

Mwalimu anaweza kuanza bila kompyuta yoyote. Wanafunzi watatu waandike mistari ya biti, wa nne aandike ulinganifu, kisha mmoja achane karatasi yake na wenzake waifufue. Baadaye klabu ya sayansi itafute kompyuta kuukuu na diski tatu, na ianze kuhifadhi sauti za wazee wa kijiji.

Diski inaweza kununuliwa mwakani. Wazee ni vema warekodiwe sasa, na kila sauti iwe na nakala yake kabla ya jua kutua.