Lenzi Inayojitia Kivuli

Irisi, ile duara yenye rangi inayoizunguka mboni, ndiyo pazia la jicho. Mtu akitoka ndani ya tembe la Kigogo, ambamo nuru huingilia mlangoni na kwenye vidirisha vidogo, akaingia uwanja mweupe wa Haneti, wilayani Chamwino, Dodoma, saa saba mchana, irisi huibana mboni hadi milimita 2 hivi na jicho likatulia. Kwa mtu mwenye ualbino pazia hilo ni jepesi mno. Irisi yake haina melanini ya kutosha, hivyo nuru hupenya pande zote. Hukunja uso, hufumba jicho moja, hutembea ameinamisha kichwa. Wakati wa kiangazi hata mbuyu hauna jani la kumsitiri.

Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kati ya kila watu 1,400, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingi. Wengi wao wana uoni hafifu pia, kwa kuwa kitovu cha retina hakikukomaa, na macho huchezacheza yenyewe. Katika wilaya hiyohiyo ya Chamwino, Shule ya Wasioona Buigiri, iliyoanzishwa mwaka 1950, imekuwa ikipokea watoto wa namna hiyo.

Kifaa kimoja kinachoweza kuyasaidia macho kama hayo ni lenzi zinazobadilika kwa mwanga, ambazo zilitokana na miwani. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Corning ya Marekani ilitengeneza kioo chenye chembe za madini ya fedha, kinachopata giza kikipigwa na jua. Lenzi za leo hutumia molekuli ambazo miale ya urujuanimno huzifungua umbo; zikifunguka hunyonya nuru, na miale ikipungua hujikunja tena, lenzi ikawa angavu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha lenzi laini ya kwanza ya aina hiyo ya kuvaliwa machoni, ya Johnson & Johnson. Juani lenzi hiyo iliweza kuzuia hadi asilimia 70 ya nuru.

Uzuri wake ni kwamba hukaa juu ya jicho lenyewe: jicho likicheza nayo hufuata, wala nuru haipenyi pembeni kama kwenye miwani. Lakini ilibuniwa kwa watu wenye matatizo ya kawaida ya kuona, na haiwezi kuikamilisha retina. Joto nalo huipunguzia giza. Wapo wanaofaidika zaidi na lenzi yenye irisi ya kuchorwa, iliyozibwa kote isipokuwa katikati, kwani hiyo hufanya kazi hata ndani ya nyumba.

Kwa Haneti kikwazo kikubwa ni vumbi na maji. Lenzi hushikwa kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa, husafishwa kwa dawa yake, kamwe si kwa maji ya kisima au bomba, ambayo huweza kubeba amiba wanaokula konea. Mwenye vikope, ugonjwa uliowatesa watu wa Dodoma kwa vizazi, hutibiwa kwanza, maana kope zilizopinda ndani hukwaruza jicho.

Kwa hiyo mtoto akipelekwa kupimwa, kwa mfano Hospitali ya Mvumi, yenye historia ndefu ya kutibu macho, miwani ya giza iliyozibwa pembeni na kofia pana ndivyo vya kutangulia. Darasani akae mbele, dirisha likiwa mgongoni kwake, na darubini ndogo ya mkononi ya kusomea ubao.