Hamsini Ongeza Hamsini, Tisini na Sita

Pima mililita 50 za maji na mililita 50 za ethanoli safi, vyote vikiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Vichanganye, acha mchanganyiko urudi kwenye joto lile lile, kisha usome kipimo. Mia haifiki: utakuta mililita 96 na kidogo. Ukiweka kwenye mizani, gramu zilizoingia zipo zote. Uzito umetimia, kilichopungua ni nafasi.

Walimu wengi hueleza jambo hili kwa kikombe cha maharage na kikombe cha mchele: vikichanganywa, punje za mchele hujipenyeza kati ya maharage na vikombe viwili havitimii. Mfano huu ni mzuri, lakini unaeleza nusu tu. Mchele na maharage havivutani. Molekuli huvutana, na kuvutana huko ndiko kunakoamua zikae karibu kiasi gani.

Katika maji, kila molekuli imeshikana na jirani zake, kama nne hivi, kwa vifungo vya hidrojeni. Vifungo hivyo vina pembe zake, kwa hiyo molekuli hazikai zikibanana. Huacha uwazi katikati. Ethanoli ina upande mmoja unaoshikana na maji vizuri sana, na mkia wa kaboni usioshikana nayo. Vikikutana, vifungo vya zamani hukatika, vipya hufungwa, na mikia hupata pa kukaa katika uwazi ule. Ndiyo maana mchanganyiko hupata joto bila kuwashiwa moto. Hata nafasi ya maji yenyewe hutegemea yako na nani: mililita 18 za maji zikitiwa katika ethanoli tele huongeza ujazo kwa mililita 14 tu.

Kuna vimiminika vinavyofanya kinyume. Benzini na sikloheksani vikichanganywa hutanuka, kwa sababu molekuli zake zilivutana zaidi zilipokuwa na za aina yake. Maharage na mchele havingeweza kutuonyesha hilo. La ajabu kuliko yote, kwangu, ni chumvi ya magnesi salfeti: ukiyeyusha kidogo katika maji mengi, ujazo hushuka chini ya ule wa maji peke yake. Umeongeza kitu, na jumla imepungua! Chembe za chumvi zenye chaji huzivuta molekuli za maji na kuzibana kuzizunguka.

Dmitri Mendeleev, anayejulikana zaidi kwa jedwali la elementi la mwaka 1869, alikuwa amelishughulikia suala hili kabla ya hapo. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1865, huko St Petersburg, ilihusu alkoholi na maji. Aliona kwamba kupungua kwa ujazo kunafikia kilele karibu na asilimia 46 ya alkoholi kwa uzito, yaani molekuli tatu za maji kwa moja ya alkoholi.

Wanaotengeneza dawa hukutana na jambo hili kazini. Chukua kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza lita 10 za kitakasa mikono: mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na mililita 145 za gliserini. Hesabu ya kutoa itakuambia maji yaliyobaki ni mililita 1,105. Maelekezo hayasemi hivyo; yanasema jaza maji hadi alama ya lita 10. Anayepima 1,105 na kumimina atabaki chini ya alama, na ethanoli yake itazidi kidogo ile asilimia 80 iliyokusudiwa. Kwa kitakasa mikono tofauti hiyo ni ndogo. Katika maabara ya uchambuzi ni kosa la kurudia kazi, na kazi inayotaka usahihi zaidi hufanywa kwa mizani, kwa kuwa gramu hujumlishika.