Kumshonea Mtoto wa Chekechea Hando la Mekatilili

Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, ni wakati ambapo watoto wa PP1 na PP2 huigiza maisha ya mashujaa wetu. Hapa Kilifi, shujaa asiyekosekana ni Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwahamasisha Wagiriama kupinga kodi na kazi za kulazimishwa za serikali ya Waingereza. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, lakini wakatoroka na kurudi nyumbani.

Anayemwigiza huvaa hando, sketi ya marinda mengi ya wanawake wa Kimijikenda. Hando la mtu mzima ni zito na hufungwa kwa kamba. Mtoto wa miaka minne akivalishwa hilo, hujikwaa au hushindwa kujivua akienda msalani. Kwa hivyo sura ya vazi ibaki ileile, lakini ushonaji umfuate mtoto.

Kitambaa
Tumia pamba nyeupe, kama vile bafta au marekani. Kifue na ukikaushe kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi. Epuka nailoni: huleta joto, na ikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Vipimo
Pima kiuno, kisha uzidishe kwa tatu ili upate marinda ya kutosha. Kiuno cha sentimita 54 kinahitaji kitambaa cha upana wa sentimita 162. Pima pia kutoka kiunoni hadi magotini, uongeze sentimita 8: tatu za kupitishia lastiki na tano za upindo. Mtoto akirefuka, upindo huo utafumuliwa. Tabaka mbili zinatosha.

Usalama
Weka lastiki kiunoni badala ya kamba. Leso ya juu ishonwe kwenye fulana ili isidondoke, wala isishikizwe kwa pini. Usimvishe mtoto kamba yoyote shingoni. Shanga zishonwe moja kwa moja kwenye kitambaa kwa uzi imara, kisha uzivute kuhakikisha hazing'oki. Shanga iliyoanguka huishia mdomoni mwa mdogo wake.

Mvulana anayeigiza Wanje anaweza kuvaa shuka iliyoshonwa kama sketi, nayo ikiwa na lastiki.

Kabla ya siku yenyewe
Mvalishe mtoto nyumbani, akimbie, achuchumae na acheze ngoma. Panapombana, rekebisha. Tafadhali usikate hando la zamani la bibi ili kupata la mtoto. Hilo ni kumbukumbu ya familia. Badala yake, mwombe bibi akuonyeshe marinda yalivyopangwa na amweleze mtoto lilivaliwa lini na kwa nini. Mtoto akiulizwa jukwaani amevaa nini, awe na jibu.