Kabureta na Msukumo wa Petroli: Kila Kitu na Kipimo Chake



Wapenzi wanafunzi, baadhi yenu mkimaliza hapa mtaingia gereji kujifunza ufundi, na wengine mtakuwa madereva. Ndiyo maana mwaka huu nimeona niwaandikie juu ya jambo dogo ambalo nusura litutoe roho.

Mwaka 2014 tulikuwa tukimpeleka mama mjamzito hospitali ya Pangani kwa Land Rover 109 kuukuu. Tulipoipita Kipumbwi tukasikia harufu kali ya petroli. Dereva akazima injini, akafungua boneti. Petroli ilikuwa ikifurika kwenye kabureta na kudondoka juu ya injini ya moto. Tulimshusha mama haraka, tukamwombea nafasi kwenye gari la samaki. Alhamdulillahi, alijifungua salama. Lakini cheche moja tu ingetosha kutumaliza sote.

Je, kosa lilikuwa nini? Wiki moja kabla, pampu ya gari lile iliharibika, na fundi mmoja akafunga pampu ya umeme ya gari la EFI. Alisema hiyo ina nguvu zaidi. Ni kweli ina nguvu, na hapo ndipo penye hatari.

Tuangalie kazi inavyofanyika. Pampu ya asili hufungwa ubavuni mwa injini. Kemshafti husukuma mkono wake, nao mkono huvuta kiwambo cha mpira, petroli ikanyonywa kutoka kwenye tangi. Mkono ukiachia, springi hukirudisha kiwambo na kusukuma petroli kwenda kwenye kabureta. Basi msukumo wa petroli hutokana na springi ile, hata injini ikizunguka kwa kasi.

Ndani ya kabureta mna chumba chenye boya, mfano wa boya la tangi la maji. Petroli ikijaa, boya hupanda na kubana sindano ndogo, ambayo mafundi huiita nido, na njia hufungika. Petroli ikikosa pa kwenda, springi hushindwa kukisukuma kiwambo, na mkono wa pampu hucheza bure mpaka kabureta ihitaji tena. Hivyo pampu hujizuia yenyewe.

Sasa tazameni hesabu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa pauni kama 30 kwa inchi ya mraba. Kabureta nyingi hutaka msukumo wa petroli wa pauni kati ya 2 na 6 tu. Pampu ya EFI huweza kutoa pauni 40 na zaidi. Boya ni jepesi, haliwezi kuizuia nguvu hiyo. Nido hufunguka, chumba hufurika.

Dalili za msukumo kuzidi ni harufu ya petroli, moshi mweusi, plagi kulowa na mafuta kuisha upesi. Dalili za kupungua ni gari kukosa nguvu mlimani au likiwa na mzigo, kisha kuzima.

Gari likizima hivyo, msikimbilie kununua pampu. Kwanza legezeni kifuniko cha tangi. Ikiwa tundu lake la hewa limeziba, pampu haiwezi kunyonya. Pili, safisheni chujio. Tatu, kagueni mipira, kwani mpira uliopasuka hunyonya hewa badala ya petroli. Nne, nuseni oili kwenye kijiti cha kupimia. Ikinuka petroli, huenda kiwambo kimetoboka na petroli inaingia kwenye oili. Gari hilo lisiendeshwe mpaka litengenezwe.

Jambo jingine ni joto letu la Pwani. Petroli huweza kuchemka ndani ya bomba lililo karibu na injini, ikawa mvuke, na pampu ikashindwa kuusukuma. Hapo simameni kivulini, fungueni boneti, ngojeni injini ipoe, kisha wekeni kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba lake. Bomba nalo lisilazwe karibu na ekzosi.

Mwenye kufunga pampu ya umeme achague ya kabureta, yenye msukumo mdogo. Ikizidi kidogo, afunge regyuleta kati ya pampu na kabureta, apime kwa geji, na afuate kipimo cha kitabu cha gari lake. Kazi yote ifanyike injini ikiwa imepoa, pasipo sigara wala moto karibu.

Fundi yule hakutaka kutuua. Alidhani kikubwa ndicho bora. Nanyi mkishika spana, ulizeni kwanza: kipimo chake ni kipi? Abiria aliyekaa nyuma haoni mlichofunga chini ya boneti, amewaamini tu.