Kapera Hana Mke: Mantiki Inajuaje?

Mwanafunzi wa semantiki akiulizwa kama sentensi "Okello ni kapera" inalazimisha "Okello hana mke" iwe kweli, hujibu ndiyo bila kusita. Akiulizwa sababu, husema tu "ndiyo maana yake". Jibu hilo si baya, ila halielezi kitu.

Mantiki ya kawaida hushughulikia maneno kama na, au, si, kila. Kwayo, "Okello ni kapera na mkulima" hutupa "Okello ni mkulima" kwa umbo peke yake. Lakini kapera na kuwa na mke huandikwa kwa herufi mbili zisizojuana, K na M. Mwaka 1952 Rudolf Carnap alipendekeza tuziunganishe kwa kuongeza masharti ya maana: kwa kila x, ikiwa x ni kapera, basi x hana mke. Richard Montague, katika makala iliyochapishwa 1973, alitumia njia hiyo kuhusisha kutafuta na kujaribu kupata.

Kwa lugha ya seti, seti ya mbuzi imo ndani ya seti ya wanyama. Hapa ndipo tunapowaomba walimu wawe waangalifu. "Nakato alinunua mbuzi" hulazimisha "Nakato alinunua mnyama". Ukikanusha, mwelekeo hugeuka: "hakununua mnyama" hulazimisha "hakununua mbuzi", wala si kinyume chake, maana huenda alinunua ng'ombe asinunue mbuzi. Kila nalo hugeuza: "Kila mnyama alichanjwa" hutupa "Kila mbuzi alichanjwa". Orodha za hiponimia tunazokaririsha hazisemi lolote juu ya hayo.

Kiswahili kina mtego wake pia. "Ndege ametua" hulazimisha kwamba kiumbe hai kimetua. "Ndege imetua" hailazimishi hivyo. Mwanafunzi asiyejali upatanisho wa kisarufi (na hapa Uganda tunao wengi) hapotezi alama ya sarufi tu, anabadilisha maana.

Linabaki swali gumu: sharti la maana tunalitofautishaje na ukweli wa dunia? W. V. Quine alitilia shaka mpaka huo mwaka 1951, na hoja yake bado inasumbua. Darasani sisi hutumia lakini. "Ni mbuzi lakini ana miguu mitatu" inakubalika. Masikini alikatwa mmoja. "Ni mbuzi lakini si mnyama" huleta kicheko.